Nyumba ya watu kumi, nkambo mmoja



Katika kiangazi cha mwaka uliopita, sisi vijana wanane wa parokia tuliombwa kumsaidia nkambo mmoja wa Likasi kuhama. Jina lake sitaliandika, kwa sababu mwenyewe alikataa. Aliingia katika nyumba ile ya kambi mwaka 1961, akiwa bibi arusi mwenye mtoto mmoja mgongoni. Wakati fulani nyumba ililaza watu kumi, na leo analala humo peke yake. Miguu inamchosha, paa linavuja, na mdogo wake amempa vyumba viwili vidogo katika lupango lake huko Kikula. Ilibidi basi vitu vya miaka 60 na zaidi vipunguzwe hadi vitosheke katika vyumba viwili.

Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wamekwisha kupata habari, nao walisimama mlangoni na mzani wao. Mwenzetu mmoja, mwenye nguvu na haraka, aliona cherehani ya zamani chumbani, imefunikwa kitambaa na kujaa vumbi. Akaiinua, akaipeleka nje moja kwa moja. Nkambo alikuwa ameketi chini ya mwembe. Alisimama bila kutafuta fimbo yake, akasema: “Rudisha ndani, mjukuu wangu. Hiyo si yangu.”

Hatukuelewa. Kitu kimekaa nyumbani kwake zaidi ya miaka 30, na bado si chake? Tuliacha kubeba, tukaketi kusikiliza. Kazi tuliyoipangia asubuhi moja ilituchukua Jumamosi tatu. Katika Jumamosi hizo nilijifunza jambo ambalo nataka kuwashirikisha: hakuna anayeweza kupunguza vitu vya nyumba ya mwingine kwa haki kabla ya kujua vilivyoingia mlangoni namna gani. Na katika miji yetu ya Katanga, namna vitu vilivyoingia nyumbani na namna vilivyotoka ndiyo historia yetu yenyewe.

Nyumba iliyokuja pamoja na kazi

Tuanze na kuta. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika mahali palipoanzishwa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa huko. Katika miaka ile ya mwanzo mfanyakazi hakupewa nyumba ya kuishi, alipewa mahali pa kulala. Wanaume waliandikwa kwa miezi michache, mbali na wake zao, na wengi walikuja kutoka nchi ambayo leo tunaiita Zambia. Walilazwa kwa wingi katika vibanda, magonjwa yakaua wengi, na waliobaki walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Mtu aliyeishi hivyo hakuwa na vitu vya kupunguza. Mali yake yote iliingia katika furushi moja.

Kuanzia mwaka 1927 na 1928 kampuni ilibadili njia. Iliona kwamba kuandika na kufundisha watu wapya kila mara kuna hasara, tena mtu mwenye mke na watoto hatoroki upesi. Ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu na hata kuhimiza wake waje, ikajenga nyumba za matofali kwa mistari iliyonyoka, na zahanati na shule karibu yake. Wamisionari Wabenedikto, waliofika Katanga mwaka 1910, waliendesha shule za kambi. Kwa hiyo kampuni, serikali na misheni zilishirikiana kumtengeneza mfanyakazi wa aina mpya, baba wa nyumba mwenye mke mmoja, watoto shuleni, na saa ya kuamka inayotangazwa na king’ora.

Tusiwe wepesi wa kusifu wala wepesi wa kulaani. Nyumba hizo ziliokoa maisha ya watoto wengi. Lakini nyumba ilikuwa pia kamba. Haikuwa ya mfanyakazi, ilikuwa sehemu ya mkataba wake. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa nyumbani siku zilezile. Aliyezeeka alipaswa kufungasha vitu vyake, akampisha kijana aliyechukua nafasi yake. Na mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kwa ajili ya mshahara, askari walifyatua risasi huko Élisabethville na wengi wakafa. Wajane wao waliambiwa waende wapi na vitu vyao? Jambo la mtu aliyebaki peke yake katika nyumba kubwa kuliko nguvu zake lina mizizi ya zamani katika miji yetu. Tofauti ni kwamba zamani aliyeamua alikuwa kampuni, na leo anaweza kuamua mwenyewe.

Vitu vilivyoingia mlangoni

Siku ya kwanza tulitoa vyombo vya jikoni. Kulikuwa na mabakuli ya bati yenye rangi iliyobanduka, pasi ya makala, mbabula tatu, na kopo moja kubwa lisilo na mfuniko. Tuliliweka kopo upande wa takataka. Nkambo akalirudisha. Ndilo alilopimia unga wa posho.

Vijana wa leo wanalijua neno posho, lakini si wote wanaojua uzito wake. Kampuni ililipa sehemu ya mshahara kwa chakula: unga, maharagwe, samaki, mafuta, chumvi, vyote kwa kipimo, kufuatana na idadi ya watu wa nyumba. Mama alikwenda kupanga mstari, akatoa karatasi yake, akapokea. Ndiyo sababu wazee wetu wengi huita Jumamosi siku ya posho. Nkambo alituambia kwamba unga ukifika nyumbani aliugawa kwa kopo lile, makopo kadha kwa kila siku, ili siku ya tano isije tupu. Kwa kopo hilo aliwakuza watoto saba.

Pasi ya makala ilitoka katika foyer social, mahali ambapo wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kulea watoto wachanga kwa namna ambayo kampuni na masista waliiona kuwa njema. Leo twaweza kuuliza kwa nini mwanamke aliyelima mashamba makubwa kwao alifundishwa kupamba vitambaa vya meza. Swali ni la haki. Lakini Nkambo alijibu kwa namna yake: “Walinifundisha kushona ili nitunze nguo za mume wangu. Mimi nikashona za jirani kwa makuta. Hilo hawakunifundisha.”

Katika chumba cha kupokelea wageni palikuwa na picha ya rangi: mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, nyoka mkononi. Wazee huiita mamba muntu. Katika miaka ya 1970 picha kama hizo zilitundikwa katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, pamoja na zile za minyororo na viboko vya wakati wa Wabelgiji. Wachoraji walizipaka mara nyingi juu ya nguo ya magunia ya unga, wakazitembeza mitaani na kuziuza kwa bei ambayo mfanyakazi aliiweza. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wao, alichora historia nzima ya nchi kwa picha zipatazo mia moja katika miaka ya 1973 na 1974. Picha hizo zipo hata leo kwa sababu Johannes Fabian, mtaalamu aliyefundisha wakati ule Lubumbashi, alizinunua na kuandika maelezo ya mchoraji mwenyewe. Nyingi zilizotundikwa katika nyumba zetu zilioza kwa unyevu, zikatupwa na watu waliokuwa wakisafisha nyumba.

Noti zilizokufa

Siku ya pili tulifungua sanduku la chuma lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa vitenge, shahada za ubatizo, picha za arusi, na chini kabisa bahasha nene iliyofungwa kwa uzi. Wenzetu walinyamaza. Ilikuwa na noti nyingi za zaire, zimepangwa vizuri.

Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kwa kiasi kilichopimwa. Waliokuwa na njia ya benki walipona kidogo. Wengine walipanga mstari hadi milango ikafungwa. Akiba za wajane, za wakulima na za wachuuzi zikawa karatasi. Hata waliookoka hapo hawakupona baadaye, kwa maana bei zilipanda mno hivi kwamba mwaka 1993 ilitolewa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa 100,000 za zaire mpya.

Noti za Nkambo zilikuwa za 1979. Yeye na mumewe walikuwa wameziweka kwa ajili ya kununua kiwanja. Tulimwuliza kwa nini hakuzitupa. Akasema kwamba kwa miaka mingi hakuweza kuzitazama wala kuzitupa. Kisha alitoa noti moja, akairudisha katika bahasha ya picha za arusi, na zilizobaki akawagawia watoto wa jirani wachezee duka. Hakuna kati yetu ambaye angethubutu kuamua hivyo badala yake. Tulishangaa kuona kwamba alipokwisha kuzigawa, alicheka.

Reli ileile

Sasa turudi kwenye cherehani.

Mwaka 1928, wakati kampuni ilipoanza kutaka familia katika kambi zake, reli iliyotoka Bukama kupitia Kasai ilifika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Kwa reli hiyo walikuja wanaume na wanawake wengi wa Kasai kufanya kazi Katanga. Hawakuja kwa siri. Waliandikwa, wakahesabiwa, wakapewa nyumba. Watoto wao walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaoa hapa. Katika mstari wa nyumba za Nkambo, ukuta wa kwanza ulikuwa wa familia moja ya huko. Wanawake hao wawili walizaa katika zahanati moja na kupanga mstari mmoja wa posho.

Mambo yalianza kuharibika kazi ilipopungua. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière baada ya serikali kuitwaa mwaka 1967, ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 40,000. Njaa inapoingia nyumbani, watu hutafuta wa kulaumiwa, na wako wanasiasa waliokuwa tayari kuwaonyesha. Kuanzia Agosti 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 huko Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makazini na majumbani mwao. Waliitwa kwa jina la wadudu. Makumi ya maelfu walikaa kwa majuma na miezi katika kituo cha gari la moshi na katika shule, wakingoja mabehewa. Wengi walikufa kwa magonjwa pale pale au njiani, hasa watoto. Reli iliyowaleta wazee wao ndiyo iliyowarudisha katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Fikirini, ndugu vijana, juu ya nyumba inayopunguzwa kwa saa moja. Unachukua nini? Jirani wa Nkambo alichukua watoto, sufuria moja na blanketi. Usiku, kabla ya kwenda kituoni, alipitisha vitu juu ya ukuta. Aliandika orodha kwenye ukurasa wa daftari la shule, nakala mbili: cherehani 1, viti 4, sahani 12, beseni 1. Akasema: “Nitarudi.” Ukurasa huo ulikuwa bado katika saraka ya cherehani. Tuliusoma wote, mmoja baada ya mwingine.

Chini ya orodha, kwa mwandiko mwingine, palikuwa na maneno mafupi: viti 2 vimeuzwa, 1998, unga. Nkambo alikuwa ameyaandika mwenyewe. Mwaka ule watoto walikuwa na njaa, naye aliuza vyake vyote kwanza: redio, kinga ya mumewe, kitanda kimoja. Kisha akauza viti viwili visivyo vyake. Alituambia bila machozi, ila aliinamisha kichwa. Miaka yote hiyo hakuogopa kwamba jirani atarudi kudai cherehani. Aliogopa kwamba atarudi kuuliza viti.

Nani angejua habari hiyo, kama cherehani ingalipimwa kwa kilo mlangoni?

Nyumba inapobaki na mtu mmoja

Baada ya pale nyumba ilianza kubaki tupu polepole. Mume alifariki mwaka 2001. Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa departs volontaires, kwa feza zilizotolewa na Benki ya Dunia. Neno “kwa hiari” lilizungumzwa sana katika familia zetu, kwa kuwa mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara hana hiari pana. Wengi walinunua gari dogo, au walifungua duka, au walilipa madeni, na baada ya muda mfupi feza zikaisha. Wana wa Nkambo waliondoka kutafuta maisha: mmoja Kinshasa, mmoja Ndola, wawili Kolwezi kwenye migodi mipya, na wengine watatu amewazika.

Ndivyo nyumba ya watu kumi ilivyobaki na mtu mmoja. Watu wa mtaa walimwuliza kwa nini anakaa peke yake na vyumba vyote vile. Wengine walianza kumwambia apishe. Hapa lazima tuseme wazi jambo la sheria, kwa sababu katika parokia zetu wako wajane wanaotolewa nje kabla kilio hakijaisha. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inampa mume au mke aliyebaki haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja, na kuvitumia vyombo vyake. Watoto ni warithi, lakini urithi wao haumfukuzi mama yao. Ndugu wa marehemu wanaokuja na gari kubeba makabati siku ya tatu ya matanga hawasaidii kupunguza vitu. Wanaiba.

Nkambo hakuhama kwa sababu alisukumwa. Alihama kwa sababu alipima nguvu zake, akachagua kuwa karibu na mdogo wake. Alisema: “Nyumba hii nimeifagia miaka 60. Sasa yatosha.” Kuna uhuru mkubwa katika neno “yatosha” likisemwa na mwenyewe. Likisemwa na mwingine badala yake, ni amri.

Namna tulivyofanya kazi

Baada ya jambo la cherehani tulibadili mwenendo. Nauandika hapa kwa sababu vikundi vingine vitaombwa kazi kama hiyo, na wazee wanaoishi peke yao ni wengi kuliko tunavyofikiri.

Kwanza, Nkambo alikaa kitini katikati ya lupango, na kila kitu kilipita mbele yake. Hakuna kilichotoka mlangoni bila jicho lake. Hilo lilichukua saa nyingi, na kuna wakati alichoka, tukaacha.

Pili, tuliweka mafungu manne: vinavyokwenda naye, vinavyopewa mtu mwenye jina, vinavyouzwa, vinavyotupwa. Tulikataa kuwa na fungu la “tutaona”, kwa sababu fungu hilo hukua mpaka linameza mengine. Kitu kimoja tu kilikosa fungu, nacho ni cherehani.

Tatu, hatukuchoma karatasi yoyote siku ileile. Katika mfuko wa plastiki uliofanana na takataka tulikuta kitabu cha kazi cha mume, chenye namba yake ya kampuni, karatasi za mshahara, cheti cha ndoa, na barua kuhusu nyumba. Mjane asiye na karatasi hizo hawezi kudai pensheni wala kuthibitisha kwamba nyumba ni ya familia. Tuliziweka katika bahasha moja kavu, tukampigia mwanawe simu kumweleza zilipo.

Nne, mmoja wetu aliandika. Kwa kila kitu alichopenda kukieleza, tuliandika mistari miwili au mitatu: kilitoka wapi, nani alikitumia. Daftari lilijaa. Picha ya mamba muntu alimpa mjukuu wake, ikatoka pamoja na karatasi inayosema ilinunuliwa wapi na siku gani. Sisi tulipenda aihifadhi. Yeye alisema amemtazama mwanamke yule vya kutosha.

Kumbukumbu za watu wadogo

Labda mtu atauliza kama kopo la unga na ukurasa wa daftari vinastahili kuitwa historia. Kwa muda mrefu historia ya Katanga iliandikwa kwa tani za shaba na majina ya wakurugenzi. Lakini mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani huko Élisabethville kilitoa kitabu kidogo cha historia ya mji, kilichoandikwa na André Yav kwa Kiswahili chetu cha huku, kwa macho ya mpishi na mfuaji nguo. Hakikuwa kitabu cha kupendeza kwa sura. Kingeweza kuwashia moto mbabula yoyote. Kilipona, na mwaka 1990 Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri, na leo wanachuo wa nchi nyingi wanakisoma. Na tangu mwaka 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao walikusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji, wakiuliza watu wa kawaida juu ya kazi zao, nyumba zao na vitu vyao.

Hao walifahamu kwamba kampuni hutunza hesabu zake katika ofisi, lakini maisha ya watu hutunzwa chini ya kitanda. Na kitanda kikihama, mtu hupaswa kuwapo wa kuuliza.

Hatusemi kwamba kila kitu kihifadhiwe. Nyumba iliyojaa hadi mlangoni humfunga mzee. Huanguka usiku akitafuta njia ya kutoka. Siku ya tatu tulitupa mikokoteni miwili ya vitu vilivyooza, na Nkambo alikuwa wa kwanza kusema “peleka”. Kitu kikisha kusimulia habari yake, mara nyingi mwenyewe yuko tayari kukiacha.

Cherehani ilikwenda naye Kikula. Inachukua nafasi ya kiti, na chumba ni kidogo. Kwa msaada wa mtu anayewajua watu wa Mbujimayi, tumepeleka jina la jirani yule na majina ya watoto wake, ili yaulizwe katika parokia za huko. Mpaka sasa hatujapata jibu. Tulipaka mafuta gurudumu, nalo linazunguka. Mjukuu wa mdogo wake ameanza kujifunza kushona nayo, kwa ruhusa ya Nkambo na kwa sharti moja: itumiwe, isiuzwe. Na pembeni yake, ukutani, kuna viti viwili vipya vya mbao. Alivinunua kwa feza ya makabati yaliyouzwa. Haviketiwi na mtu.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni mzee gani katika mtaa wetu anayeishi peke yake katika nyumba iliyokuwa na watu wengi? Ni lini mtu alimwuliza habari za vitu vyake?

2. Katika nyumba zetu, kuna kitu gani ambacho si chetu, kilichoachwa na watu waliofukuzwa au waliokimbia? Tumekitunza, au tumesahau ni cha nani?

3. Tunafahamu haki za mjane katika nyumba aliyoishi na mumewe? Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ndugu wanapokuja kubeba vitu?

4. Kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani kwao kilichoingia kabla hajazaliwa, aulize kilikotoka, aandike mistari mitatu. Tusomeane katika mkutano ujao.